Nyota ya Tula, Pembetatu ya Izhevsk

Katika magofu ya msikiti wa kale wa Msuka, wilayani Micheweni, kuna mwaka umechorwa ndani ya kibla: 816 Hijiria, yaani 1414 Miladia. Aliyeuchora hatumjui, lakini wanahistoria wa Pemba wanautegemea mwaka wake hadi leo. Bunduki nayo husomeka namna hiyo, na za Kisovieti zilizoingia Zanzibar tangu 1964 zina maandishi mengi kuliko wanavyodhani wengi waliowahi kuzibeba.

Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, wanamapinduzi walipovamia ngome za polisi za Ziwani na Mtoni, Unguja, walikuta bunduki za Mwingereza, za risasi ya .303, zilizogongwa taji la kifalme na mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Pemba hapakupiganwa usiku ule. Bunduki zilifuata baadaye, na wenye amri mpya. Haikupita miezi mingi, Jeshi la Ukombozi la Zanzibar likapata silaha na wakufunzi kutoka Urusi. Ng'ambo ya pili, Dar es Salaam, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa imeshaweka makao tangu 1963, na bandari yake ikawa mlango wa silaha za wapigania uhuru wa FRELIMO na wenzao.

Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) atakwambia kuna SMG na kuna SAR. SAR ni ile ya Simonov, iliyobuniwa 1945. SMG ni Kalashnikov. Hapo ndipo elimu ya wengi inapokomea, wakati SMG mbili zilizoegemezwa ukuta mmoja zinaweza kuwa zimetoka viwanda vilivyoachana maelfu ya maili. Itazame ubavuni, upande wa kushoto, juu ya magazini. Pembetatu yenye mshale ndani yake ni Izhevsk; nyota ni Tula. Mwaka umeandikwa waziwazi, na baada yake herufi ndogo г, ambayo Mrusi huitumia kufupisha neno lake la mwaka. Geuza upande wa kulia, kwenye kile kibao cha usalama: АВ ni mfululizo, ОД ni mojamoja. Ukikuta pembetatu yenye 66 ndani, basi hiyo ni ya China, na kibao chake kina herufi za Kichina, au L na D kwa zilizotoka baadaye.

Zenye hadithi ndefu zaidi ni za kizazi cha nyuma, Mosin, ambazo muundo wake ni wa 1891. Nyingi zina nyundo na mundu ndani ya shada juu ya chemba. Baada ya Vita Kuu ya Pili maghala ya Kisovieti yalizifungua kwa mamilioni, yakatoa vipande vilivyochakaa na kuvigonga upya vilivyobaki. Namba ya zamani ya komeo ilipigwa mstari, ikachapwa nyingine ilingane na ya mtutu, kisha bunduki ikagongwa kiboksi chenye mstari wa mshazari: imepita karakana. Ikapakwa mafuta mazito na kufungiwa sandukuni. Jeshi lenyewe lilipohamia Kalashnikov, hizo za ziada zikawa zawadi kwa marafiki. Mtu akipewa bunduki iliyoandikwa 1943 huku inang'aa kama mpya, asishangae.

Hata ganda la risasi lina asili yake, nyuma pale panapogongwa na pini. Namba 17 ni Barnaul, 539 ni Tula, 60 ni Frunze, ambayo sasa ni Bishkek, Kirigizistani. Nambari mbili za mwaka huwa upande wa pili, ila kati ya 1952 na 1956 waliweka herufi badala yake: Д ni 1953, Е ni 1954. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa huko Kongo hufanya kazi hiyo, kuokota na kusoma.

Alama, hata hivyo, husema ilikozaliwa bunduki, si ilikopita. Somalia ilipewa silaha za Kisovieti hadi 1977, na dola ilipoanguka 1991 maghala yakabaki wazi. Uganda ya Amin nayo ilizinunua, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikazihamisha mikono. Ndiyo sababu taarifa za polisi wa Tanzania zinarudia maneno yaleyale: SMG iliyofutwa namba. Jambazi huikazania namba kwa sababu ndiyo inayoweza kumfikisha mtu kwenye daftari la ghala. Nyota haimtishi.

Micheweni suala la bunduki ni ya nani si la mzaha. Tarehe 27 Januari 2001, siku ya maandamano ya chama cha upinzani cha CUF, mji huu ulikuwa miongoni mwa sehemu za Pemba ambako risasi zilipigwa na damu ikamwagika. Miaka mitatu baadaye, 21 Aprili 2004, Tanzania na jirani zake walitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, na baadaye nchi hizo zikagawiwa mashine za kuchapa alama mpya kwenye silaha. Magazeti yaliandika zaidi juu ya majambazi na magobole. Kwangu mimi kipengele cha Itifaki chenye uzito ni kile kinachozitaka serikali ziorodheshe silaha za vikosi vyao wenyewe, kwani SMG haifuliwi kwa mhunzi wa kijijini; karibu kila moja ilianzia kwenye ghala la serikali fulani, na namba yake.