Somo la Leo: Kompyuta Kufagia Kumbukumbu Yake

Ndugu msikilizaji, kumbukumbu ya kompyuta ni kama ghala: isipofagiwa hujaa, kazi ikasimama. Mwaka 1960 Mmarekani John McCarthy alieleza dawa: fuata viungo vyote vinavyotumika, kisichofikiwa kifagiwe. Mwaka huohuo George Collins alitoa shauri jingine: kila kitu kihesabiwe viungo vinavyokishika; hesabu ikifika sifuri, kiondolewe.

Lakini mwaka 1963 J. H. McBeth alionyesha kasoro. Vitu viwili vikishikana, hesabu haifiki sifuri kamwe, hata visipohitajika tena.

Dawa yake ni kiungo dhaifu, kisichohesabiwa: mzazi amshike mtoto, mtoto amjue mzazi tu, asimzuie. Lugha ya Swift, iliyotolewa mwaka 2014, hutumia njia hiyo. Basi kumbuka: kukijua kitu si kukishika.