Koti la Gikomba
Fundi wangu wa Gikomba alijifunzia cherehani kwa vitambaa vya Kicomi, kiwanda cha pamba cha Kisumu. Soko lilipofunguliwa mapema miaka ya 1990, mitumba ikamwagika, na kabla muongo kuisha Kicomi ikafunga. Mitumba haikuwa sababu pekee, lakini jaribu kumwambia yeye! Wateja wa nguo mpya walipotea, wakabaki wa kupunguza suruali.

Juzi nilimpelekea koti la kiume la pamba nzito, mia mbili tu, mabega mapana ajabu. Akalifumua, akabana kiuno, akakata mikono. Mabaki yakawa mkanda. Nikalivaa, nikajiona niko fiti kinoma.

Yeye bado alikuwa anapapasa kipande kilichobaki. “Pamba kama hii,” akasema, “ilikuwa inatoka Kisumu.”