Karani Asiyeiba

Katika Patrician III, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Ujerumani, unaanza ukiwa mfanyabiashara mdogo kwenye miji ya Bahari ya Baltiki, mwaka 1300, na pesa za kuhesabika. Unanunua chumvi mahali ni rahisi, unaipeleka mahali ni ghali. Kila kitu ni kwa mkono wako. Bei ya bia ya Lübeck unaijua kichwani. Unajua pia kwamba ukishusha shehena yote ya manyoya kwa mpigo mmoja, bei inaporomoka ukiitazama, kwa hivyo unauza kidogo kidogo, kama mama wa soko anayejua wateja wake.

Halafu meli zinafika kumi, na hapo kwisha. Usiku mzima unabofya tu. Ndipo mchezo unakupa njia: ajiri nahodha, mpangie safari, meli izunguke yenyewe. Ajiri msimamizi katika kila ofisi yako, mwekee bei: usinunue kwa zaidi ya hii, usiuze chini ya hii. Sasa unaweza kujenga viwanda na nyumba, hata kugombea umeya. Wachezaji wengine husema mchezo unaanzia hapo. Wengine, na mimi niko nao siku nyingi, huona kama umeisha.

Ubishi huu una umri. Mwaka 1964 mwalimu wa Marekani, Mabel Addis, aliandika The Sumerian Game akishirikiana na IBM. Mwanafunzi alikuwa mtawala wa Lagash: nafaka ngapi watu wale, ngapi zipandwe, ngapi ziwekwe ghalani. Hakukuwa na wa kumwachia kazi. Kufikia Caesar III ya 1998, mchezaji analipa kufungua njia ya biashara, anachagua cha kuuza na cha kuagiza, na misafara inakuja yenyewe. (Mwanamke wa soko ndiye asiyetawalika: anafika njia panda, anakata kona isiyofaa, na mtaa mzima unalala njaa.)

Lakini nirudi Baltiki, kwa sababu huko tuna karatasi. Hildebrand Veckinchusen alikuwa mfanyabiashara wa Hansa aliyeishi Bruges, na mamia ya barua zake yamebaki hadi leo. Mwaka 1407 yeye, kaka yake Sivert na wenzao walianzisha kampuni ya kufanya biashara na Venice: manyoya na kaharabu viende kusini, viungo virudi kaskazini. Venice hakuwepo yeye. Alikuwepo Peter Karbow, mwenzao, akinunua na kuuza kwa niaba yao. Kwa lugha ya mchezo, hiyo ndiyo njia ya kujiendesha: weka mtu, mpe maagizo, geukia mambo mengine.

Ila maagizo yalisafiri kwa wiki nyingi. Bei uliyoandika leo ilikuwa imezeeka barua ilipofika. Na wakala alikuwa mtu: alikopa akiona nafasi, alikosea, alikuwa na hesabu zake. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa daftari walikuwa nazo, na bado ndani ya miaka michache kampuni ikalemewa na madeni. Sivert alimwonya kaka yake kuhusu biashara za kubahatisha. Hildebrand hakusikia. Mwaka 1422 alifungwa Bruges kwa deni, akakaa gerezani takriban miaka mitatu, akafa 1426.

Hapo ndipo naona mchezo umeruka kitu kikubwa. Watengenezaji waliona kazi ya mkono inachosha, wakatupa karani mwaminifu kupita kiasi: haibi, hakopi, hafi kwa tauni akiwa na funguo zako. Kumbe kwa watu wa Hansa, kumwachia mtu mwingine biashara ndiko kulikuwa mchezo wenyewe. Ndiyo maana waliweka ndugu na mashemeji, wakaandikiana bila kuchoka. Kubofya kila pipa si historia pia, sikatai. Hakuna mfanyabiashara mkubwa aliyeishi hivyo. Lakini angalau unaposhika kila pipa unaogopa kidogo.

Hildebrand akiwa kifungoni, mkewe Margarete alikuwa Lübeck na watoto, akimwandikia kuhusu shida za nyumbani. Msimamizi wangu wa Bergen amenifanyia kazi miaka ishirini ya mchezo. Hajaniandikia hata mstari mmoja.