Maji Mawili Katika Ziwa Moja

Mtu akisimama ufukweni Mwanza huona ziwa moja. Kumbe kwa miezi mingi ya mwaka ni maji mawili yaliyolaliana: ya juu yana joto na hewa ya kutosha; ya chini yana ubaridi kidogo na, kadiri siku zinavyopita, huishiwa oksijeni. Kinachoyatenga ni tofauti ya digrii moja au mbili tu.

Nimependa siku zote kujua habari hii iligunduliwaje. Mwaka 1927 Michael Graham na E. B. Worthington walikuja kuchunguza uvuvi wa ziwa zima. Walifuata samaki, lakini Worthington alipima na joto la maji, akachapisha aliyoyaona mwaka 1930. Mzunguko wa mwaka mzima ulikuja kubainishwa na J. F. Talling, aliyepima upande wa Jinja mwaka 1960 na 1961. Mnamo Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki hukausha maji ya juu na kuyapoza. Yakipoa huwa mazito, huzama, na ziwa lote huchanganyika.

Msomaji atauliza, digrii moja ina nini? Ina mengi, kwa sababu maji yetu ni ya uvuguvugu. Yakitoka digrii 24 kwenda 25, uzito wake hubadilika mara 10 hivi kuliko yakitoka 5 kwenda 6. Kwa hiyo tofauti ambayo katika ziwa la Ulaya wakati wa baridi isingekuwa kitu, hapa ni ukuta.

Kwangu mimi hii ni habari ya kitoweo. Dhoruba ikiyainua maji ya chini ghafla, samaki hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1984 sangara wengi walikufa katika Ghuba ya Nyanza, Kenya, na mtafiti Peter Ochumba aliandika juu ya vifo hivyo. Mvuvi akiona hivyo hushuku sumu kwanza, wala simlaumu.

Kufikia miaka ya 1990, R. E. Hecky na wenzake walilinganisha vipimo vyao na vya Talling. Maji yasiyo na oksijeni yalikuwa yamepanda juu zaidi, na kwa miezi kadhaa yalifunika karibu nusu ya sakafu ya ziwa. Mbolea, udongo na maji machafu ya miji, Mwanza ikiwemo, vilikuwa vimelisha mwani, nao ukifa huozea chini. Furu wa vilindini walibanwa: chini hapakuwa na hewa, na juu sangara walikuwa wakiwasubiri.