Picha Isiyosomeka

Nilipokwenda Kenyamonta mwishoni mwa mwaka, binamu yangu aliniita nimtazamie kitu. Haoni tangu utotoni, na kompyuta anaiendesha kwa kibodi na masikio: NVDA humsomea yaliyo kwenye skrini kwa mbio ambazo mimi siambulii hata neno. Ushirika mmoja ulikuwa umempa kazi ya majaribio ya kutunza hesabu. Programu ni ileile ya Windows aliyojifunzia, ila sasa inafunguliwa ndani ya kivinjari. Akabonyeza Tab. Kimya. Akabonyeza tena.

"Kaka, naambiwa jina la ukurasa tu. Ndani hamna kitu."

Nikadhani ni intaneti yetu ya kusuasua. Kumbe tatizo hilo lina zaidi ya miaka 30.

Enzi za DOS kompyuta ilitunza maandishi ya skrini kama herufi, na programu ya kusomea iliyachota palepale. Ndivyo JAWS ilivyoanza mwaka 1989, kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana kwenye mbio za pikipiki hadi ajali ya gari ya 1978 ilipompofusha. Ikaja Windows, herufi zikageuka nukta za rangi. Mafundi wakabuni ujanja: kuyadaka maandishi njiani kabla hayajachorwa, na kuweka nakala yake pembeni. Ulifanya kazi, lakini kwa kubahatisha. Mwaka 1997 Microsoft ikaleta njia ya programu kujieleza yenyewe: mimi ni kitufe, jina langu Hifadhi, nimezimwa. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaanza kuandika NVDA, ya bure. (Bila bure hiyo, binamu yangu asingekuwa na kitu cha kumnyamazia.)

Ukurasa wa kawaida wa wavuti nao hujieleza. Lakini programu ya ushirika inakaa kwenye seva mbali huko, na maelezo yake yanabaki hukohuko. Kinachofika Kenyamonta ni picha tupu. Tumerudi kwenye nukta za rangi, na safari hii hakuna hata herufi ya kudaka njiani.

Dawa ipo. Flutter ya Google nayo huweza kuchora skrini nzima kama picha kwenye kivinjari, ila hutengeneza nakala ya maelezo kwa ajili ya visoma skrini. Kwa kawaida mtumiaji hulazimika kuiwasha kwanza kwa kitufe kilichofichwa. Au NVDA iwekwe kwenye seva yenyewe, sauti ndiyo isafiri. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja intaneti waziwazi. Ushirika, nilipowapigia, walisema mfumo ni wa mkandarasi.

Hesabu zilitakiwa Jumatatu. Nikakaa pembeni yake nikimsomea safu moja moja, yeye akichapa.

"Kaka, ongeza mwendo kidogo. Unasoma polepole mno."