Ngome ya Douaumont

Umesimama kwenye kilima kirefu kuliko vyote vinavyoizunguka Verdun. Baada ya Ufaransa kushindwa na Wajerumani mwaka 1871 na kunyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine, mpaka ulisogea karibu na mji huu. Jenerali Séré de Rivières akapanga msururu wa ngome za kuulinda, na ujenzi wa hii ulianza mwaka 1885.

Kati ya paa la mawe na zege lililoongezwa juu yake waliweka mchanga, upunguze kishindo cha makombora. Mnara wa chuma wenye mzinga wa milimita 155 ulipanda, ukafyatua, kisha ukazama tena ardhini.

Kuta hizi hazikushindwa, zilitelekezwa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari na silaha nyingi viliondolewa, na tarehe 25 Februari 1916 Wajerumani wachache waliingia karibu bila mapigano. Oktoba 24 ngome ilikombolewa na vikosi vya makoloni, wakiwemo Wasenegali na Wasomali.

Nyuma ya ukuta uliozibwa ndani wamezikwa mamia ya Wajerumani waliouawa na mlipuko wa Mei 8, 1916. Tafadhali pita hapo kwa heshima.