Kigeuzi cha msimbo wa Gray

Kigeuzi cha msimbo wa Gray ni saketi ya kidijitali inayobadilisha namba za binari ya kawaida kuwa msimbo wa Gray, au kuzirudisha kutoka msimbo huo. Msimbo umepewa jina la Frank Gray, mwanafizikia wa Bell Labs nchini Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1947 na kuipata mwaka 1953.

== Matumizi ==
Katika binari ya kawaida, kutoka 7 (0111) kwenda 8 (1000) biti zote nne hubadilika. Kifaa kinachopima mzunguko wa mhimili, kwa mfano kwenye mkono wa roboti, hakiwezi kuzibadilisha zote kwa wakati uleule. Kikisomwa katikati ya mabadiliko kinaweza kuonyesha hata 1111, yaani 15. Katika msimbo wa Gray, namba zinazofuatana hutofautiana kwa biti moja tu: 7 ni 0100 na 8 ni 1100. Hivyo usomaji wa mpakani hutoa 7 au 8, si namba nyingine. Hata hivyo msimbo huu haufai kwa hesabu za kawaida, kwa hiyo hurudishwa kuwa binari kabla ya kutumiwa na kompyuta.

== Usanifu ==
Kwa biti nne huandaliwa jedwali la ukweli lenye mistari 16, kisha kila tokeo hurahisishwa kwa ramani ya Karnaugh. Kinachobaki ni milango ya XOR (⊕), ambayo hutoa 1 pale tu maingizo yake mawili yanapotofautiana.

Kutoka binari (B) kwenda Gray (G):
* G3 = B3
* G2 = B3 ⊕ B2
* G1 = B2 ⊕ B1
* G0 = B1 ⊕ B0

Kutoka Gray kwenda binari:
* B3 = G3
* B2 = B3 ⊕ G2
* B1 = B2 ⊕ G1
* B0 = B1 ⊕ G0

Kwa mfano, 1011 (yaani 11) huwa 1110 katika msimbo wa Gray, na 1110 ikipitishwa kwenye saketi ya pili hurudi kuwa 1011.

== Ucheleweshaji ==
Kila saketi hutumia milango mitatu, lakini kasi zake hutofautiana. Katika ile ya kwanza milango yote hufanya kazi kwa pamoja. Katika ya pili kila mlango husubiri jibu la mlango uliotangulia, hivyo ucheleweshaji huongezeka kadiri biti zinavyoongezeka.